Kosa la Oili Tusimtwike Nahodha

Ndugu wanachama, ndugu wanakijiji,

Mkutano mkuu wa ushirika wetu umekaribia, na ajenda ya tatu mnaijua: nahodha wa boti yetu alipe nusu ya gharama ya kufufua mashine iliyokufa mwezi wa Saba. Wengi wameshakata shauri. Barazani, kisimani, hata pale mnadani, maneno ni yale yale: "Kijana ameiua mashine, na alipe." Sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani tunasema hapana. Na kabla hamjatuuliza sababu, tunakiri kwanza: wawili kati yetu tumo katika kamati ya vyombo, na oili iliyoiua mashine tuliinunua sisi.

Tukumbushane yaliyotokea. Boti ilitoka alfajiri na watu watano. Walipokuwa nje ya mwamba mashine ilipoteza nguvu, ikalia kama chuma kinachokwaruzwa, ikazima. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Kusi linavuma, mkondo unakwenda kaskazini, simu hazishiki. Walitweka turubai badala ya tanga, wakapiga kafi usiku kucha mpaka viganja vikachubuka. Wenye ngalawa ndio waliowaona siku ya pili asubuhi. Tunamshukuru Mungu wote walirudi. Lakini yupo mama hapa kijijini ambaye wanawe wawili walikuwemo. Nenda kamwambie yeye kwamba oili ni jambo dogo!

Fundi alipoifungua mashine alikuta pistoni imekwama, ringi zimegandiana kwa masizi, na ukuta wa silinda umechorwa michirizi. Akauliza swali moja tu: "Mnatumia oili gani?" Tukamwonyesha dumu. Akanusa, akaisugua vidoleni, akatikisa kichwa. Kumbe ilikuwa oili chafu, iliyokwisha kutumika katika injini nyingine, ikachujwa na kuuzwa upya. Tuliinunua mjini kwa kupimiwa kutoka pipa lisilo na maandishi, kwa sababu bei yake ilikuwa nusu. Na kikaoni tulipigiwa makofi kwa kubana matumizi.

Jamani, wazee wetu hawakuwa hivyo. Chini ya chombo walipaka deheni, yaani shahamu na chokaa. Mbao walizipaka sifa, mafuta ya papa. Hakuna fundi wa jahazi aliyesema ati mafuta ni mafuta, tupake lolote. Kila mahali palikuwa na mafuta yake. Vipi sisi wenye mashine ya chuma, iliyonunuliwa kwa jasho la watu wengi, tunabahatisha?

Basi tuelezane, maana huenda wengine hatukuelewa.

Kwanza, oili ya kuchanganya na petroli. Mashine yetu ni ya stroki mbili. Haina tangi la oili chini kama ya gari. Oili inayopita ndani pamoja na petroli ndiyo ulainisho wote ilio nao pistoni na beringi, kisha inaungua na kutoka kwa moshi. Kwa hiyo lazima iwe oili inayoungua vizuri bila kuacha majivu. Oili ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji huandikwa kwenye kopo alama TC-W3. Tutafute alama hiyo. Oili ya gari au ya bodaboda za stroki nne haikutengenezwa kuunguzwa; huacha masizi na kuziba plagi. Oili chafu ni mbaya kupita zote: ina vumbi la chuma, masizi na asidi. Kuitia kwenye mashine ni kama kumnywesha mgonjwa maji ya kuoshea vyombo.

Kipimo nacho si cha jicho. Kijitabu cha mashine yetu kinasema sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili. Maana yake dumu la lita 20 linataka mililita 400. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, piga alama kwenye 400, ifungwe kwa kamba pale stoo isihame. Mashine ikiwa mpya, au imefanyiwa matengenezo makubwa kama yetu, mwanzoni hupewa mara mbili, yaani 800 kwa dumu, kwa muda uliotajwa na kijitabu. Tia petroli kidogo, mimina oili yote, tikisa sana, ndipo ujaze. Ikipungua inaua pistoni. Ikizidi inaziba plagi. Wenye mashine za namna nyingine wafuate vijitabu vyao, wasiige vipimo vya jirani.

Pili, oili ya gia kule chini kwenye propela. Hii ni nzito, namba 90, na haichanganywi na kitu. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi. Boti yetu ikienda saa 4 kwa siku, hizo ni siku 25 za baharini. Fungua skrubu ya chini na ya juu, uimwage. Ikitoka nyeupe kama tui, ujue maji yameingia na sili imekwisha. Na hapa wavuvi tusikie: mara nyingi anayekata sili ni mshipi wetu wenyewe uliojisokota nyuma ya propela. Kuvua propela na kutoa mshipi ni kazi ya dakika chache. Kujaza oili mpya anzia tundu la chini, mpaka itokeze kwa juu, hewa isibaki ndani. Ile chafu isimwagwe pwani. Kombe na kaa tunaowaokota pale ni chakula cha watoto wetu.

Tatu, grisi. Shafti ya propela, mahali mashine inapogeukia, na skrubu za kubania zote zinataka grisi ya baharini isiyoondolewa na maji. Tumeona vijana wakipaka mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi ni mazuri kichwani na jikoni. Kwenye chuma huchacha na kuvuta mchanga, na asubuhi za kusi kila mama anajua yanavyoganda chupani. Basi hata kwenye shafti yanaganda. Tena, mashine ioshwe kwanza kwa maji baridi, nje na ndani, ndipo ipakwe. Kupaka grisi juu ya chumvi ni kumfunika mwizi shuka: anaendelea kula huku umemfichia.

Sasa turudi kwa nahodha. Wapo watakaosema alipaswa kuizima aliposikia nguvu zinapungua. Kweli, na hilo aambiwe, akumbuke siku nyingine. Lakini nahodha humimina anachopewa. Na hili hatukulisema kikaoni, tunalisema leo kwa aibu: kabla ya ajali alitujia mara mbili. Alisema moshi umezidi na plagi zinaziba kila siku. Tulimjibu ati ni uvivu, anatafuta sababu ya kutokwenda baharini. Aliyeonya ndiye tunayetaka kumtoza. Haki iko wapi hapo? Tukimtoza, nahodha ajaye ataona tatizo na kunyamaza, na siku hiyo ngalawa huenda isipite.

Wengine watauliza fedha za oili nzuri zitoke wapi. Tupige hesabu pamoja. Dumu moja kwa siku ni mililita 400. Siku 25 ni lita 10. Hizo lita 10 ziwekeni upande mmoja. Upande wa pili wekeni pistoni mpya, kazi ya fundi, nauli za kwenda mjini, na wiki tatu boti iko juu ya mchanga, wakaangaji samaki hawana cha kukaanga na mgao hakuna. Kila mtu aangalie mfuko wake mwenyewe aone upande upi ulikuwa mzito. Cha rahisi kilitugharimu.

Kwa hiyo tunapendekeza haya kwa mkutano mkuu. Moja, deni la nahodha lifutwe, na sisi wa kamati tuulizwe. Mbili, fedha ya oili na grisi itengwe kwanza kila mauzo, kabla ya mgao, isiguswe. Tatu, oili inunuliwe kwenye kopo lililofungwa lenye maandishi, na kopo tupu lirudi stoo likaguliwe. Nne, liwepo daftari la mashine: tarehe, saa za kazi, oili iliyotiwa, na nahodha aliloliona. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi nusura tupoteze na watu.

Wenye macho mazuri wawasomee wazee. Asiyekubaliana nasi aandike jibu lake; karatasi na kalamu ziko kwa katibu, na nafasi ukutani ipo. Tukutane mkutanoni, na kina mama msikose. Kwenye boti ile walikuwemo wana wenu.