Mkono ulionigombanisha na mama watoto

Mwezi huu naomba tuweke pembeni vitambi na vifua, tuongelee sehemu ambayo hata wale wanaoshinda jimu wanaisahau: kigasha, yaani mkono kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, pale unapovaa saa. Na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Maji yakikatika, kupandisha madumu ni kazi yangu, tulikubaliana hivyo tangu tuanze maisha. Sasa kuna kipindi mkono wa kulia ukaanza kuuma upande wa nje wa kiwiko. Nikinyanyua kikombe cha chai, unauma. Nikikamua nguo, ndiyo usiseme. Kutwa niko ofisini na mausi, jioni niko na simu. Badala ya kusema "mke wangu, naumwa", nikawa mtu wa visingizio: leo nimechoka, kesho nina kikao, dumu nitapandisha baadaye.

Kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu. Jumamosi moja nikamkuta anapanda ngazi na dumu la lita 20, mtoto yuko mgongoni. Nikamwambia anipe. Akanitazama, akasema taratibu, "Mume wangu, kama umetuchoka sema tu."

Jamani! Nikalichukua dumu kwa hasira. Sijamaliza ngazi kumi, vidole vikaachia. Kilo 20 hizo, chini! Maji mpaka mlangoni kwa jirani. Pale pale, suruali imelowa chapachapa, ndipo nilipomwambia ukweli. Unajua alichosema? "Wiki zote hizo unaumwa, na mimi nalala pembeni yako sijui?" Nilikosa jibu.

Jumatatu akanipeleka mwenyewe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nikaambiwa ugonjwa wangu unaitwa kiwiko cha tenisi. Mimi, ambaye raketi naiona kwenye runinga tu! Mtaalamu akanielewesha hivi: misuli mikubwa inayokunja na kunyoosha vidole haipo kwenye vidole, ipo kwenye kigasha, na inavivuta kwa kano ndefu kama kamba. Huamini? Shika kigasha chako kwa mkono wa pili, kisha chezesha vidole kama unachapa. Umesikia kinavyotembea? Basi kila unaposhika kitu, misuli ya upande wa nje hukaza ili kifundo kisikunjike, na yote inavuta sehemu moja ndogo ya mfupa pembeni ya kiwiko. Mausi kutwa, madumu jioni, kano zinachoka.

Nilitaka sindano, yaishe. Akanishauri nisiikimbilie. Sindano ya steroidi hutuliza haraka, lakini utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliochomwa walikuwa na hali mbaya kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa, na maumivu yaliwarudia zaidi. Dawa yangu ikawa dambeli ndogo ya kilo 1. Kama huna, chupa ya maji ya lita moja uzito wake ni huo huo.

Fanya hivi. Kaa kwenye kiti, laza kigasha juu ya paja, kiganja kikitazama chini, kifundo kikining'inia mbele ya goti. Kwa mkono wa pili, saidia kuinua ngumi juu. Kisha uachie, na mkono wenye dambeli ushuke peke yake, polepole, ukihesabu mpaka 4. Rudia mara 15, pumzika dakika moja, fanya seti 3, mara moja kwa siku. Siri iko kwenye kushusha, siyo kupandisha. Na kigasha kisinyanyuke kwenye paja, hapo utakuwa unajidanganya.

Wewe ambaye huumwi, pandisha na kushusha bila msaada, kisha geuza kiganja kitazame juu ufanyie kazi misuli ya ndani. Seti 2 au 3 za mara 12 mpaka 15, siku 3 kwa wiki, zinatosha. Ukiona 15 zimekuwa rahisi, ongeza nusu kilo.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yasikutishe. Ila yakiamka na wewe kesho yake kwa nguvu zaidi, punguza uzito. Na kama vidole vina ganzi, maumivu yanashuka kutoka shingoni, au ulianguka na mkono umevimba, achana na dambeli, nenda hospitali.

Kina dada, msiogope eti mtakuwa na mikono ya mabaunsa. Mke wangu alianza kwa kunihesabia tu, "moja, mbili, usikimbize!", siku ya tatu akachukua chupa yake. Leo chupa za jamu anafungua mwenyewe, kazi hiyo nimenyang'anywa. Na faida siyo jamu tu. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa utafiti wa watu karibu 140,000 katika nchi 17, ukaonyesha kuwa mshiko dhaifu unaendana na hatari kubwa zaidi ya kufa mapema. Siyo kwamba kukaza ngumi kunaongeza siku, ila mshiko ni kioo cha afya ya mwili mzima.

Kano haziponi kwa siku mbili. Mimi ilinichukua kama miezi mitatu, na kuna wiki niliona kama nacheza tu. Sasa madumu napandisha tena, ila ya lita 10, moja kila mkono, na mwenzangu akiniuliza "mkono vipi leo?" namjibu ukweli.

Nawe kaka unayesoma hapa huku unasugua kiwiko kimyakimya, mwambie mwenzako leo. Kano ina subira, itakungoja upone. Moyo wa mtu anayedhani amechokwa haungoji.

Tukutane mwezi ujao!