Chibereki: Chakula cha Watatari wa Krimea

Miongoni mwa vyakula vya unga na nyama, kimoja kinachopikwa upesi na kisichohitaji tanuri ni chibereki, chakula cha Watatari wa rasi ya Krimea, kando ya Bahari Nyeusi. Aliyezoea sambusa ataona kwamba vyakula hivi ni ndugu, lakini atakosea iwapo atavipika kwa njia moja. Nyama ya sambusa hupikwa kwanza mpaka ikauke. Nyama ya chibereki hutiwa mbichi, tena huongezwa maji. Hapo ndipo penye siri yote, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Chakula hiki kimepita mahali pagumu. Tarehe 18 Mei 1944, serikali ya Stalin, ikiwatuhumu Watatari wote wa Krimea kwamba walishirikiana na Wajerumani, ilianza kuwahamisha kwa nguvu. Kwa muda wa siku tatu watu zaidi ya 180,000 walipakiwa katika mabehewa ya mizigo, wengi wao wakapelekwa Uzbekistan. Waliokutwa nyumbani walikuwa wanawake, watoto na wazee kwa wingi, kwani wanaume wengi walikuwa vitani, wamevaa sare ya jeshi la dola hiyo hiyo. Askari hao nao walitolewa jeshini baadaye, wakapelekwa uhamishoni, na huko ikawapasa kuzitafuta jamaa zao. Maelfu walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka ya kwanza, na kurudi Krimea kwa wingi hakukuwezekana mpaka mwaka 1989. Nyumba na mashamba yalibaki nyuma. Ujuzi wa jikoni haukuweza kunyang'anywa. Siku nyama ilipopatikana, mtoto aliyezaliwa uhamishoni, asiyepata kuiona Krimea, aliijua ladha ya kwao.

Kwa chibereki 14 hivi, mpishi achukue unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vitatu vya mezani, na maji yanayozidi kidogo robo lita. Aukande mpaka uwe laini, lakini mgumu kuliko wa chapati, aufunike kwa kitambaa chenye unyevu na kuuacha nusu saa. Pumziko hili lisirukwe. Unga usiopumzika hujikunja kila unaposukumwa, na chibereki yenye unga mnene ni mkate tu uliofichwa nyama.

Watatari hawa ni Waislamu, na nyama yao ya desturi ni ya kondoo au ya ng'ombe. Ya kondoo ndiyo bora, kwa kuwa ina mafuta. Zinatosha gramu 400 za nyama ya kusaga, vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo sana, chumvi, pilipili manga, na maji baridi chini kidogo ya nusu bilauri. Maji hutiwa kidogo kidogo huku nyama ikikorogwa, mpaka yote yanywewe. Mwenye shaka atadhani maji yataharibu. Kumbe ndiyo yanayopika. Yanapochemka ndani, mvuke huuinua unga na kuiivisha nyama, na yanayobaki huwa mchuzi.

Kila donge lisukumwe mpaka liwe duara la upana unaokaribia shibiri, jembamba kadiri lisivyopasuka. Vijiko viwili vya nyama hutandazwa nusu ya duara, vikaachiwa ukingo wa kidole kimoja usio na unyevu. Nusu ya pili hufunikwa juu, hewa hutolewa kwa kiganja, na ukingo hukandamizwa kwa uma. Nyama isirundikwe katikati: ikiwa nene, unga utaungua nayo ingali mbichi, na nyama mbichi ya kusaga huleta maradhi ya tumbo.

Mafuta ya kina cha vidole viwili yapate moto mpaka kipande cha unga kikitupwa kielee mara moja na kutoa povu. Chibereki hukaangwa dakika mbili kila upande, papo hapo ikishafungwa, kwani ikingoja kibaoni nyama huulowesha unga ukachanika. Iliyofungwa vibaya hupasukia karaini na kuyarusha mafuta. Watoto wakae mbali. Ya kwanza ivunjwe na kutazamwa. Ikiwa nyama bado ina wekundu, moto upunguzwe na zilizobaki zikae zaidi.

Huliwa kwa mkono, ingali ya moto: pembe moja huumwa, mchuzi hunyonywa, kisha huliwa nyingine. Ikipoa imekwisha thamani, hivyo kila moja hutoka karaini ikaenda moja kwa moja kwa mlaji, na mpishi hula mwisho. Hilo ni zito kwa nyumba ambayo baba au mama yuko zamu.

Kwa nyumba ya namna hiyo Watatari wana yantiki. Ni unga ule ule na nyama ile ile, lakini hupikwa katika kikaango kikavu kwa moto wa wastani, mpaka kila upande upate madoa ya hudhurungi. Ikitolewa hupakwa siagi, zikapangwa moja juu ya nyingine na kufunikwa. Mafuta yanayotumika ni kidogo sana, na unga hubaki laini kwa anayechelewa kurudi.