Droni ya Kurudi Madale

Swali la "ninunue droni gani?" huulizwa kwanza, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kijana ana akiba yake ya jasho, amesikia kwamba video za angani zinauzwa mtandaoni huku wewe umelala, na anataka kutajiwa jina la mashine. Anatajiwa. Kila mara jina hilo ni la mashine ghali kuliko ile aliyokuwa na uwezo nayo. Hakuna anayemuuliza atarusha wapi, atarusha mara ngapi, na nani atanunua anachopiga.

Mimi nasema hivi: kwa mtu anayeishi Madale na kutaka kuuza klipu za angani kwenye maktaba za mtandaoni, droni ndogo inatosha. Hela inayobaki iende kwenye betri za ziada, filta na vibali. Anayemshauri vinginevyo anamuuzia sifa.

Tuanze na hesabu, maana ubishi mwingi wa droni hufia hapo. DJI Mini 4 Pro ilipoingia sokoni Septemba 2023, bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 759. Mavic 3, iliyotoka Novemba 2021, ilianzia dola 2,199. Hapo hujaweka usafirishaji wala ushuru wa forodha. Sasa tuseme klipu yako moja imeuzwa Adobe Stock kwa dola 60. Fungu la mpigaji kwenye video ni asilimia 35, yaani dola 21. Kama mnunuzi yuko Marekani, asilimia 30 ya fungu hilo hukatwa kodi huko huko, kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuipunguza. Unabaki na dola 14.70. Kurudisha bei ya Mini kunataka klipu 52 za namna hiyo. Kurudisha bei ya Mavic kunataka 150. Shutterstock nao, tangu Juni 2020, wanalipa kwa ngazi, kuanzia asilimia 15 hadi 40, na kila Januari mosi mpigaji anarudishwa ngazi ya chini kabisa. Huo ndio mgodi unaoambiwa ununulie sululu ya dhahabu.

Wanaotetea droni kubwa wana hoja, na si haki kuificha. Kihisi cha kamera ya Mavic 3 ni kikubwa zaidi. Jua likizama, picha yake hubaki safi wakati ile ya Mini inaanza kujaa chenga, na maktaba hukataa video zenye chenga. Tundu la lenzi yake pia linarekebishika, kutoka f/2.8 hadi f/11, wakati la Mini 4 Pro limefungwa kwenye f/1.7. Anayepigia hoteli tangazo saa ya magharibi, tena aliyelipwa kabla hajarusha, anunue kubwa bila kuona haya.

Lakini mchana wa Madale haujapungukiwa mwanga. Umezidi. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, unataka kasi ya shata iwe karibu na 1/50 ili bodaboda ionekane ikiteleza barabarani, isionekane ikirukaruka. Kwa f/1.7 chini ya jua la saa sita hilo haliwezekani bila filta nzito ya ND, ND64 au hata ND256. Filta ni vioo vidogo tu vya giza, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya kubadilisha droni. Upepo je? Mini 4 Pro imepimwa kuhimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, na Air 3, ambayo uzito wake unakaribia mara tatu, mita 12. Kusi ikichachamaa juu ya vilima vya Madale, rubani mwenye akili hushusha zote mbili.

Kuna uongo mwingine unaouzwa pamoja na droni ndogo, na huu ni wa hatari zaidi. Mini ina uzito chini ya gramu 250, kwa hiyo muuzaji anakwambia haihitaji kibali. Namba hiyo haikupimwa kwa ajili yetu. Desemba 2015 Marekani iliamua kwamba droni inayozidi gramu 250 isajiliwe, na kiwanda cha Shenzhen kikashona nguo kwa kipimo hicho. Tanzania ina kanuni zake za ndege zisizo na rubani, za mwaka 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na anga yetu inawahusu pia watu wa ulinzi. Barabara ya Bagamoyo unayopita kurudi nyumbani ndiyo hiyo hiyo yenye kambi ya Lugalo. Anayepiga video za kuuza yuko kazini, hachezi. Aende TCAA kabla ya kununua, asisubiri kuulizwa karatasi akiwa na rimoti mkononi.

Tukija kwenye picha yenyewe, ndipo droni ndogo inaposhinda wazi. Sensa ya watu ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka 10, na mji umewapokea kwa kutanuka: Madale, Goba, Chanika, Chamazi. Ukiwa juu ya Madale unaona kutanuka kwenyewe. Unaona msingi uliomwagwa zege ukasubiri hela, nondo zilizotokeza juu ya nguzo, bati jipya jekundu pembeni ya pagale lililoota majani, na barabara ya udongo inayoishia korongoni. Upande wa Wazo kuna mlima unaochimbwa kupata saruji, na saruji hiyo ndiyo inayorudi kuwa kuta za mitaa hii. Hadithi nzima ya mji inaonekana kwa kuzungusha kamera.

Mpigaji mgeni ana vifaa kukuzidi, na humuwezi kwa vifaa. Anakuja siku mbili, anapiga Daraja la Tanzanite, anapiga ufukwe, anaondoka. Asichokiweza ni kurudi. Hawezi kusimama sehemu ile ile Julai, Oktoba, Januari, na mwaka unaofuata, mpaka kiwanja kitupu kiwe msingi, na msingi uwe nyumba yenye taa. Wewe unaweza, kwa sababu unaishi hapo. Mini 4 Pro ina uwezo wa kuhifadhi njia iliyopita na kuirudia. Kwa kazi hii, kipengele hicho kina thamani kuliko inchi za kihisi. Ongeza betri tatu na daftari la tarehe.

Utaambiwa kwamba hakuna anayetafuta "Madale" mtandaoni. Ni kweli. Lakini mtengeneza filamu, mwandishi wa kitabu cha jiografia, benki na kampuni ya saruji wanatafuta mji wa Afrika unaokua, na wakiutafuta wanakuta tembo, machweo na mabanda. Mfano wa kuanza na kazi tunao karibu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga ramani ya visiwa vyake kwa droni, na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA wakiwa miongoni mwa waliofundishwa kurusha. Walitumia eBee, droni ya mabawa, kwa sababu kazi ilikuwa kufunika eneo kubwa. Kazi ilitangulia, mashine ikafuata.

Bado kuna jirani. Madale ina mabafu ya uani yasiyo na paa, kamba za nguo, na watu waliopandisha ukuta kusudi wasionwe. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023. Maktaba zenyewe hudai ruhusa ya maandishi ya mwenye mali pale jengo linalotambulika linapotumika kibiashara. Kwetu mtu haingii uani kwa mwenzake bila kupiga hodi, na kupitia juu hakubadilishi adabu hiyo. Mwambie mjumbe, waambie wenye nyumba, waonyeshe ulichopiga. Mgeni wa siku mbili hana muda huo, nawe unao.

Halafu andika maelezo ya klipu mwenyewe, kwa makini. Julai 2023 Shutterstock walirefusha kwa miaka 6 mkataba wao wa kuipa OpenAI data za kufundishia mashine. Maana yake ni kwamba maneno yanayoambatana na picha yanaweza kuifundisha mashine Afrika inafananaje. Mtu asiyeijua Madale ataiona kutoka juu, ataona bati na vumbi, ataandika "makazi duni". Wewe unajua kwamba nyumba ile imejengwa kwa miaka, tofali kwa tofali, kwa mshahara wa ualimu au faida ya genge. Andika "makazi mapya, ujenzi wa hatua kwa hatua, Dar es Salaam". Kama hukuandika wewe, ataandika yeye.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua duka lolote la mtandaoni, tembea mtaani kwako kwa miguu jioni tatu. Chagua sehemu tano utakazozirudia kwa mwaka mzima. Zungumza na wenye nyumba. Uliza TCAA unachotakiwa kuwa nacho na gharama yake, uiandike kwenye bajeti kama unavyoandika bei ya betri. Hapo ndipo utakapoona ni droni gani hela yako inaruhusu, na itakuwa ndogo kuliko ile uliyoambiwa.