Maji ya Mgongo na Hofu ya Sindano

Hakuna sindano iogopwayo majumbani mwetu kama ile ya mgongo. Daktari akisema tu kwamba mgonjwa atolewe maji ya uti wa mgongo, jamaa hukutana wakakataa, maana wamesikia ya fulani aliyechomwa asubuhi akafa jioni. Hofu hiyo naielewa. Lakini yako maradhi ambayo kukataa sindano ndiko kunakoua.

Nayo ni homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu iitwayo kriptokokasi. Kuvu hii huishi udongoni na katika vinyesi vya njiwa, nasi huivuta kwa pumzi bila kujua. Mwenye kinga timamu aghalabu hadhuriki. Aliyepungukiwa na kinga, hasa mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 100, huweza kupandwa nayo hadi ubongoni. Haiambukizi kutoka mtu hadi mtu, basi mama asiogope kumlisha wala kumwosha mwanawe.

Fuvu la kichwa ni mfupa, halitanuki. Maji yauzungukayo ubongo yana vijia vya kutokea kuingia damuni. Kuvu huviziba, maji yakazidi, yakaukandamiza ubongo. Ndipo mgonjwa huumwa kichwa kwa majuma, hutapika, huona viwili viwili, hata akapotewa na fahamu, na wengine wakadhani ni shetani, siku za thamani zikaishia kwa mganga.

Dawa za kuua kuvu zipo, ila hazishushi shinikizo upesi. Likizidi sentimita 25 za maji, daktari hutoa kama mililita 20 hadi 30, akarudia kila siku mpaka litulie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba waliorudiwa kutolewa maji walikufa wachache zaidi katika siku za mwanzo. Yule aliyekufa jioni, mara nyingi alifikishwa hospitali maji yamekwisha kumzidi.

Kabla ya kuchoma, daktari humkagua mgonjwa kama hana uvimbe ubongoni, kwani hapo sindano huweza kudhuru. Mwulizeni hilo, na mwulizeni pia shinikizo limepimwa likawa kiasi gani. Na maumivu ya kichwa yakirudi usiku, mwiteni mwuguzi saa ile ile, msingoje daktari wa asubuhi.