Zawadi kwa Mwanafunzi wa Uuguzi



Binti au kijana akikubaliwa katika shule ya uuguzi, furaha hiyo si ya wazazi wake peke yao. Katika Kiwanja, mji wa eneo la Rutshuru ulio kilomita 70 hivi kaskazini mwa Goma, habari ya namna hiyo yafika sokoni kabla ya jua kuchwa. Mashangazi, baba wadogo, majirani na wenzi wa likelemba waanza kuulizana: tumpe nini mtoto wetu? Swali ni jema. Yafaa tulijibu kwa fikara, si kwa haraka.

Maana twaona mara nyingi jinsi mambo yanavyokwenda. Fedha zachangwa kwa moyo mkunjufu, kisha zote zaishia katika vinywaji, keki na vitenge vya sare kwa ajili ya picha. Juma la kwanza mwanafunzi aingia darasani bila saa. Juma la pili aazima kalamu. Hatusemi kwamba karamu ni kosa. Jamaa waliopita katika taabu nyingi, kama watu wa Kiwanja waliouona mwezi wa Novemba 2008 na vita vya miaka iliyofuata, wana haki ya kufurahi. Twasema neno moja tu: karamu ni ya jamaa, zawadi ni ya mwanafunzi. Msizichanganye hizo mbili katika mfuko mmoja.

Jambo la kwanza ni kuuliza. Shule ya ITM au ya ISTM huwapa wanafunzi wake orodha ya vitu vinavyotakiwa: rangi na mshono wa vazi, namna ya viatu, vyombo vya mazoezi. Mjomba anunuaye bluzi nyeupe bila kuiona orodha hiyo aweza kununua kitu kitakachokataliwa mlangoni. Basi mwiteni mwanafunzi, someni orodha pamoja naye, na kila mmoja achague kitu kimoja kadiri ya uwezo wake. Kwa njia hiyo hata mwenye feranga chache hatatoka mikono mitupu, wala hamtaleta madaftari kumi na viatu hakuna.

Mkituuliza kitu kimoja kipitacho vingine kwa faida, tutajibu: saa yenye mshale wa sekunde. Si lazima iwe ya bei kubwa. Muuguzi huhesabu mapigo ya moyo kwa saa. Kwa mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Huhesabu vilevile pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifikia mara 40, yaweza kuwa alama ya ugonjwa wa mapafu, naye ahitaji kuonwa na mganga upesi. Hesabu hiyo hufanywa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Asiye na saa hukisia, na kukisia kwaweza kumpoteza mtoto. Mkiweza, tafuteni saa ya kubandika kifuani, ile ambayo uso wake umegeuzwa chini ili mvaaji aisome akiinama. Mikono yabaki mitupu, nayo huoshwa vizuri mpaka vifundoni.

Tukisema habari ya mikono, tusidharau sabuni na taulo dogo. Jimbo letu la Kivu ya Kaskazini lililipia fundisho hilo kwa machozi. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 haukuisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Uliwapata watu 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Wauguzi na waganga walikuwamo pia miongoni mwa walioambukizwa. Vipande kadhaa vya sabuni vilivyofungwa katika taulo safi ni zawadi ya maskini, lakini si zawadi duni.

Viatu navyo vyataka akili. Muuguzi husimama saa nyingi. Viatu vyake viwe vya kufunika vidole, visivyo na kisigino kirefu, visivyoteleza, na viweze kufutwa kwa maji na sabuni. Mpelekeni mwenyewe ajaribu. Kiatu kizuri kisichomfaa mguuni ni adhabu. Kisha ongezeni daftari dogo la kuingia mfukoni, kalamu za biki, na taa ndogo ya jua, maana masomo mengi husomwa usiku na umeme haupatikani katika kila nyumba.

Je, stetoskopu? Wengi huitamani, kwa kuwa ndiyo alama ya kazi machoni pa watu. Twashauri msitangulie nayo. Ngojeni mpaka mwalimu aonyeshe ifaayo, halafu unganeni watu kadhaa mnunue moja imara, kuliko mtu mmoja kununua ya rahisi isiyosikika vema. Nanyi mkumbuke kwamba chombo hicho kilianza kwa karatasi. Mwaka 1816, huko Paris, mganga René Laennec aliona haya kuweka sikio lake kifuani pa mwanamke mgonjwa. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akasikia moyo vizuri kuliko kwanza. Aliyeleta faida hiyo hakuwa na kitu cha thamani mkononi. Alikuwa na heshima kwa mgonjwa, na akili ya kutumia alichokuwa nacho.

Sasa twafikia zawadi ambayo haiuzwi dukani kokote. Shuleni mtoto wetu atafundishwa kwa Kifaransa. Lakini mama mzee atakayelala kitandani mbele yake pale Rutshuru huenda akaeleza maumivu yake kwa Kinyabwisha, au kwa Kinande, au kwa Kiswahili cha nyumbani. Mwanafunzi aliyelelewa na lugha moja hatajua maneno ya nyingine. Basi chukueni daftari tupu. Bibi aketi na mjukuu wake, jirani wa kabila lingine naye aitwe, waandike pamoja: kichwa, mbavu, tumbo, uchungu wa kuzaa, kizunguzungu, kuharisha, homa ya usiku, waandike pia namna ya kumsalimu mzee kwa adabu na namna ya kumwuliza jambo la aibu bila kumfedhehesha. Katika mji ambamo watu wa lugha mbalimbali wameumizana na kuogopana, daftari la namna hiyo ni zaidi ya msaada wa masomo. Mgonjwa anayesikia salamu ya kwao hufungua kinywa, naye asemaye ukweli wa ugonjwa wake hutibiwa vizuri.

Iko zawadi nyingine, ngumu kuliko zote, kwa kuwa ni ya kujinyima. Mara mtoto avaapo bluzi nyeupe, watu huanza kubisha mlangoni: mwanangu, nichome sindano hii, dada, nipe dawa ya tumbo, mkwe wetu, mtazame mtoto huyu usiku huu. Akikataa, asemwa kwamba ana kiburi. Akikubali, aweza kumdhuru mtu na kuharibu kazi yake kabla haijaanza. Mwanafunzi bado hajawa muuguzi. Hata baada ya shahada, nchi yetu ina Baraza la Wauguzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambalo muuguzi hujiandikisha kwalo. Basi wakubwa wa jamaa watamke siku ile ile ya karamu, mbele ya wote: mtoto huyu yuko masomoni, mgonjwa apelekwe kwenye kituo cha afya. Neno hilo likitoka kinywani mwa baba mkubwa au shangazi, litamkinga kuliko mwavuli.

Pamoja na neno hilo, mpeni wakati. Anayerudi jioni kutoka mazoezini akakuta ndoo, kuni na sufuria zamngoja, atafungua kitabu akisinzia. Kaka zake na wateke maji wakati wa mitihani. Mikono ya mwanamume haichubuki kwa ndoo.

Wazazi wapendwa, zawadi haipimwi kwa bei. Yapimwa kwa swali hili: je, siku mtoto wetu atakapoinama juu ya mgonjwa, kitu hiki kitamsaidia? Kama ndiyo, hata kipande cha sabuni chatosha, na jamaa yenu itakuwa imeshiriki katika kumponya mtu msiyemjua.