Kinanda na Chepkong'

Mwaka jana niliwachukua wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu kwenda kanisani kusikiliza kinanda kikubwa. Muziki wa siku ile ulikuwa wa wachunga mifugo, na mbele ya yote kilipigwa kipande cha Bach kiitwacho Pastorale. Wanafunzi waliketi kimya, heshima imewajaa nyusoni. Wiki iliyofuata nilimwalika darasani mzee mmoja wa Bomet, akapiga chepkong', kinubi cha Wakipsigis, akamwimbia ng'ombe wake aliyekufa zamani. Wanafunzi wale wale wakacheka. Mzee akakiweka kinubi chake chini, akaomba ruhusa ya kwenda zake.

Msomaji, kicheko kile ndicho kilichonishikisha kalamu.

Muziki ule wa Bach asili yake si kanisani. Zamani wachunga kondoo wa Italia walishuka milimani wakati wa Krismasi, wakaingia Roma wakipuliza zumari na filimbi za mfuko wa ngozi. Sauti moja nzito ilidumu chini, na nyingine ikacheza juu yake. Bach aliiga hivyo hivyo: mguu wa mpigaji hukanyaga sauti ya chini na kuishikilia, vidole vikaimba juu. Handel naye, katika Messiah ya mwaka 1741, alikiita kipande cha wachunga kondoo Pifa, kwa kuwakumbuka wapiga zumari hao. Basi kilichostahiwa kanisani ni filimbi ya mchunga kondoo iliyovishwa joho. Mchunga ng'ombe wetu ana kosa gani hata achekwe?

Ati chepkong' ni chombo cha kishenzi? Daudi alikuwa mchunga kondoo, na kinubi alichompigia mfalme Sauli kilikuwa na udugu na chepkong' kuliko na kinanda.

Ati malisho yamekwisha, na tangu miaka ya 1920 vilima vya Kericho vimefunikwa na chai? Ni kweli. Lakini waliomsikiliza Handel mjini London hawakuwa na kondoo. Malisho yakiisha, wimbo ndio utakaomwambia mtoto kwamba yalikuwapo.

Wala sisemi kinanda kinyamazishwe, la hasha! Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine ya kunasa sauti. Wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefahamika kwa santuri, nao waliligeuza kwa ulimi wao na kuliimba kwa chepkong'. Wasichana hao walipokea cha mgeni bila kutupa chao. Sisi tuliosoma tunapokea cha mgeni na kukionea haya chetu. Ni nani hapo mwenye elimu?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ewe kijana, likizo ijayo nenda kwa babu yako. Mwombe wimbo mmoja wa ng'ombe. Uandike maneno yake, na uulize uliimbwa wakati gani na kwa sababu gani. Kalamu unayo, na lugha yake unaijua. Bach na Handel wana walinzi wengi duniani. Babu yako ana wewe tu, na umri wake haukungoji.