Soko la telefone nalo ni soko: lisifungwe, lisichafuliwe

Wandugu vijana wa Kisangani,

Soko Kuu la Makiso kila mtu analijua. Lakini leo mji wetu uko na masoko mengine yasiyo na meza wala hangari: statu za WhatsApp, makundi ya Facebook ya kuuza na kununua, video za TikTok. Dada wa Mangobo anapiga picha ya jozi moja ya viatu asubuhi. Kabla ya saa sita, picha ile ile iko kwa makundi manne, kwa statu na kwa TikTok. Ujumbe unaanza kuingia: "Iko bado?" "Bei ya mwisho?" "Unaleta mpaka Lubunga?"

Hiyo ndiyo kazi ya wengi wetu. Diploma iko kwa sanduku, kazi ya ofisi haikuonekana, kapitali ilitoka kwa likelemba. Wakubwa fulani wanasema hiyo ni michezo ya vijana. Sisi tunasema hilo ni soko. Na kama ni soko, Serikali iko na deni kwetu, na sisi wauzishaji tuko na deni kwa wateja. Leo tunaongea madeni yote mawili, bila kuficha hata moja.

Kwanza, juu ya nini mtu anauzisha pahali patano kwa mara moja? Kwa sababu kila soko liko na watu wake. Statu inaonwa na wale wanaokujua, wanaokuamini tayari. Kundi la Facebook linaleta mgeni wa Kabondo ambaye hamjaonana hata siku moja. TikTok inaweza kukufikisha mpaka Kinshasa, ijapokuwa mzigo wenyewe utapaswa kupanda ndege ao kukaa majuma mtoni.

Tena, hakuna soko la mtandaoni lililoapa kubaki milele. Jumia ilifunga kazi yake Tanzania mwezi wa 11, 2019, wakati wauzishaji wa kule walikuwa wameizoea. Tarehe 4 mwezi wa 10, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zililala karibu saa 6 dunia nzima. Aliyekuwa na mlango mmoja tu alikaa nje siku ile. Kuwa na milango mingi ni akili, hapana tamaa.

Lakini milango hiyo yote iko kwa nyumba moja, na ufunguo wa nyumba hauko mkononi mwetu. Mwezi wa 1, 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, kesho yake ya uchaguzi, ikakatwa tena nchi nzima, na ikarudi karibu siku 20 baadaye. Kila mara tuliambiwa ni juu ya usalama. Hakuna aliyehesabu mali iliyobaki ndani ya nyumba, wateja waliopotea, likelemba iliyokosa kulipwa. Kama askari wangefunga Soko Kuu siku 20, mji wote ungepiga makelele. Soko la telefone likifungwa, watu wanasema tu: "Hakuna mega." Hapana, wandugu. Ni soko limefungwa, na wenye soko hawakuulizwa.

Halafu kuna umeme. Bwawa la Tshopo liko ndani ya mji wetu wenyewe, lilijengwa tangu ukoloni, miaka ya 1950, na liko na mitambo 3. Mtambo mmoja ukilala, mitaa mizima inalala giza. Muuzishaji analipa kuchajisha telefone kwa jirani mwenye jenereta, analipa mega, kisha analipa pikipiki ya kupeleka mzigo. Faida ya kiatu inaliwa kabla kiatu hakijavaliwa.

Na pesa yenyewe inapitaje? Mteja mmoja yuko na Airtel Money, mwingine M-Pesa, mwingine Orange Money. Muuzishaji anatembea na kadi tatu za telefone, na kila pesa ikivuka kutoka mtandao huu mpaka ule, inapunguka njiani. Masoko matano, mifuko mitatu, mtaji ule ule mmoja.

Tusisahau pia kwamba raia wakisimama, mambo yanabadilika. Mwezi wa 9, 2020, pesa ya RAM ilianza kukatwa kwa yunite zetu: dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G, dola 1 kwa telefone ya 2G. Raia walikataa nchi nzima, sauti zikapanda mpaka bungeni, na mwezi wa 3, 2022 RAM ikawa imekwisha. Hatukatai kodi. Tunakataa kodi inayoingia mfukoni usiku bila kubisha hodi.

Sasa deni letu sisi wenyewe. Wahenga walisema: mshika mawili, moja humponyoka. Jozi moja ya viatu ukiipandisha pahali patano, wateja wawili wanaweza kuilipia saa ile ile. Wa kwanza anapata kiatu, wa pili anapata hadithi: "Ngoja kesho, mzigo uko njiani." Huyo wa pili hatarudi tena. Mbaya zaidi, ataambia familia nzima kwamba vijana wa mtandao ni wezi, na muuzishaji wa kweli atalipa kosa ambalo hakufanya.

Ndiyo maana tunaomba kila mmoja wetu ashike mambo haya:

Daftari moja. Masoko yawe mengi, lakini hesabu ya mali iwe moja. Kitu kikiuzwa, kitoe pahali pote kabla hujapeleka.

Bei moja, na iandikwe. Ile "njoo privé" inafanya mteja afikiri bei inapimwa kwa sura yake.

Picha ya mali yako, hapana picha ya kuokota. Kama kiko na alama, onyesha alama.

Makutano ya mchana, pahali penye watu. Hii tunawaambia zaidi dada zetu: hakuna mteja wa lazima kiasi cha kuingia nyumba usiyoijua jioni. Na mteja naye asitume pesa yote kwa mtu asiyemjua kabla hajaona kitu.

Kwa upande wa viongozi, tunadai haya:

1. Intaneti isikatwe tena, iwe wakati wa uchaguzi ao wa maandamano. Anayetafuta mhalifu amtafute mhalifu, asifunge soko la kila mtu.

2. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023 inagusa biashara ya mtandaoni. Ielezwe kwa Kiswahili na Lingala ndani ya komini zote 6 za Kisangani. Sheria isiyojulikana inakuwa fimbo ya yule anayetaka kutukamata.

3. Kodi ya mchuruzi mdogo iwe moja, iandikwe, itolewe risiti. Kuwa na kurasa tano hakumaanishi kuwa na maduka matano.

4. Wabunge wa jimbo la Tshopo waulize mbele ya raia: mitambo ya bwawa inazunguka mingapi leo, na kazi ya kuitengeneza imefika wapi?

5. Benki Kuu ya Congo na ARPTC waangalie bei ya mega na bei ya kuvusha pesa kati ya mitandao, na waitangaze wazi.

Hatuombi zawadi. Tunaomba taa, njia iliyo wazi na sheria inayosomeka, sawa vile soko lolote linavyohitaji. Sehemu yetu tutaifanya: daftari moja, bei moja, neno moja.

Wewe unayesoma hii na uko na mzigo wa kuuza leo, anza sasa: fungua daftari, toa kila kitu ambacho kilishauzwa, kisha tuma hii barua kwa makundi yako yote. Na siku tutakayokwenda kuuliza majibu kwa bunge la jimbo, njoo. Soko ni letu, tulilinde.